Jogoo Niliyempeleka Karate

Wazee wenzangu wa kundi hili, uso wangu leo nimeuacha Migori mjini na sina mpango wa kuufuata.

Wengi wenu mnajua ninajifunza karate. (Nyamazeni kwanza.) Daktari aliniambia sukari imepanda, nipunguze kukaa kwenye kiti. Mjukuu wangu Akoth, mwenye mkanda wa kijani na miguu isiyotulia, akaniambia, "Kwara, twende na mimi Jumapili." Kwara ni babu, na akiniita hivyo siwezi kukataa. Basi mwezi huu nimekuwa nikisimama mstari wa mwisho kwenye ukumbi wa kanisa, mkanda mweupe kiunoni, katikati ya watoto wa darasa la tatu ambao hunionyesha mguu wa kushoto ni upi.

Shida yangu si karate. Shida ni mdomo. Jana baada ya ibada ya Sabato niliwaambia wanaume wenzangu kwamba kesho ni mtihani wa mikanda, na mimi napandishwa kwenda njano. Hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo. Maneno yalitoka tu, na kwa kuwa yalipokelewa vizuri, nikayaongeza.

Mzee Opiyo alikuwa pale. Zamani alikuwa akibadilisha pesa mpakani Isebania, na sasa ndiye msemaji wetu kila tunapokwenda kuposa. Hajawahi kurudi mikono mitupu. Akanivuta kando.

"Umemwomba mwalimu?"

"Bado."

"Omera, ndugu yangu, unataka kitu cha mtu na huna wa kukusemea? Na unaenda mikono mitupu?"

Nikaona ana akili. (Hapa ndipo mngenishika mkono.)

Niseme ukweli, Akoth alikuwa amenionya. Wiki iliyopita tukiwa jikoni nilimwuliza mtihani wangu ni lini. Akaacha kugeuza samaki. "Kwara, mkanda hauulizwi. Mwalimu anakutazama, siku akiona umefika anakuita. Ukiuliza, unamwonyesha hujafika." Nikamwambia anipe chumvi. Kazi niliipata kwa kuomba, mke kwa kuomba, shamba kwa kuomba. Sikuona kwa nini kitambaa kiwe tofauti.

Leo asubuhi nikamkamata jogoo wangu mwekundu, yule mnayemjua kwa kelele. Nikavaa koti juu ya sare ya karate. Opiyo akaja na suti, kofia na fimbo. Akoth alikuwa ametangulia, kwa sababu leo alikuwa atahiniwe mkanda wa bluu. Ameungoja tangu mwaka jana. Asubuhi hakugusa hata chai.

Tukaingia ukumbini. Wanafunzi wote walikuwa wamepiga magoti, macho wamefumba, kimya kabisa. Mwalimu Adhiambo amesimama mbele yao. Sasa kuna jambo nilipaswa kulifikiria mapema. Mwalimu Adhiambo ni msichana, hajaolewa. Mimi ni mjane. Kando yangu yuko mshenga anayejulikana mji mzima. Kwapani nina jogoo.

Wazazi waliokaa kwenye mabenchi wakatazamana. Mama mmoja wa kwaya, aliyekuwa akikunja majoho kule nyuma, akapiga kigelegele.

"Yawa, jamani, mzee amejitokeza," akasema mwenzake, na huyo ndiye huimba sauti ya kwanza.

Wanafunzi wakafumbua macho. Jogoo naye akawika.

Opiyo amezoea vigelegele, wala hakushtuka. Akavua kofia. "Mwalimu, tumekuja kwa heshima. Rafiki yangu anaomba mkanda wa njano. Mwenyewe anaona haya kusema."

Ukumbi ukaangua kicheko. Wenzangu, bora wangeendelea kudhani nimekuja kuposa.

Mwalimu hakucheka. Alimtazama jogoo, akanitazama mimi, kisha akageukia mstari wa mbele.

"Akoth. Nani alimleta mwanafunzi huyu hapa?"

"Ni mimi, Mwalimu."

"Na aliyemleta mtu ana kazi gani?"

"Kumfundisha adabu za hapa."

"Mkanda wa bluu ni wa watu wanaosaidia wageni. Kama mmoja amekushinda, leo hutatahiniwa. Kaa."

Akoth akainama, akasema, "Ndiyo, Mwalimu," akakaa. Hakunitazama. Angeweza kusema, "Nilimwambia." Hakusema. Aliweka mikono juu ya mapaja, akaikodolea macho sakafu, na kidevu chake kikaanza kutetemeka.

Ujanja wote ukaniisha. Nikampa Opiyo jogoo. Nikavua koti, nikavua na viatu (ndiyo, nilikuwa nimeingia na viatu pia). Nikaenda mbele nikapiga magoti, kazi inayochukua muda kwa magoti yangu, na watu wote wakanisubiri nifike chini.

"Mwalimu, alinifundisha. Jikoni. Aliniambia mkanda hauulizwi. Nikamwambia anipe chumvi."

"Chumvi?"

"Chumvi, Mwalimu. Sikutaka kufundishwa na mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu. Halafu nikawadanganya watu kanisani kwamba napandishwa. Yeye hana kosa."

Opiyo akakohoa. Naye alikuwa mmoja wa waliodanganywa.

"Akoth, ni kweli alivyosema?"

"Ni kweli, Mwalimu."

"Mbona ulinyamaza?"

"Ni babu yangu."

Hapo ndipo nilipoaibika. Aibu zote za kabla ya hapo zilikuwa mazoezi tu.

Mwalimu akamwita Akoth mbele. Siwezi kuwaeleza yale mateke, majina yake siyajui, lakini wale mama wa kwaya waliacha majoho wakaja kutazama. Mkanda wa bluu anao. Mimi nimeambiwa nirudi mstari wa mwisho, na siku nikifika nitaitwa.

"Na jogoo?" akauliza Opiyo, maana bado alikuwa amemshika na suti ilikuwa imeshachafuka.

"Jogoo arudi kwao."

Njia yote ya kurudi Akoth ndiye aliyembeba. Tulipofika langoni akanigeukia. "Kwara, ungeongeza mbuzi ungepewa mweusi." Kisha akacheka mpaka akakaa chini, nami nikashukuru Mungu.

Mkikutana na Opiyo, muulizeni habari za mvua tu. Kuhusu mimi, yaliyobaki ni machache. Akoth amepika samaki jioni hii. Mchuzi hauna chumvi kabisa, na kopo liko upande wake wa meza. Nimekula hivyo hivyo. Sikuthubutu kuomba.