Korongo Asiye Rasmi

Kwa furaha kuu, Ofisi ya Hifadhi ya Bwawa la Kalnitsa iliwatangazia wananchi kuwa majira ya kuchipua hayajaanza. Nilisema hivyo nikiwa Katibu, na muhuri ninao.

Kanuni iko wazi: lango la maji hufunguliwa korongo wa kwanza, ndege aletaye majira hayo, akionekana. Mwaka huu Mkurugenzi Karabashev aliongeza maneno mawili tu, "na Mkurugenzi". Yeye hatoki nje, maana viatu vyake ni vya mikutano.

Tarehe ishirini Machi, Stanka, askari wetu wa hifadhi, aliweka bonge la tope kavu mezani.

"Bwana Mkurugenzi, korongo kumi na mmoja wamefika. Bwawa linakauka, mayai ya vyura yanaungua juani. Nipe ufunguo wa lango."

"Mimi nimewaona?"

"Si uje uwaone! Ni hapo tu nyuma ya uzio!"

"Dada, serikali haikimbizani na ndege."

Kijijini mambo yalikuwa mabaya zaidi. Kwetu kila mtu huvaa uzi mwekundu na mweupe mkononi tangu Machi mosi, akimwona korongo anaufunga mtini. Miti ya plamu ilikuwa imejaa nyuzi! Mkurugenzi akaagiza zirudishwe mikononi mara moja, kwa kuwa ule ulikuwa uanzishaji wa majira bila kibali.

"Mzee Petko ana miaka themanini. Apande mti?" Stanka aliuliza.

"Apewe ngazi."

Uzi wangu mimi sikuuvua. Ulishaingia kwenye supu mara nne, lakini nidhamu ni nidhamu.

Jumatatu, korongo wawili walianza kujenga kiota juu ya bomba la moshi la ofisi. Moshi ukarudi ndani. Mkurugenzi akatoka mbio akikohoa, bila koti, akatazama juu.

"Umemwona?" Stanka alimdaka.

"Nimemwona, mshenzi huyo!"

"Ufunguo basi."

Akautoa mfukoni. Kufikia adhuhuri vyura walikuwa na maji, na mimi, nakiri, nilifurahi sana.

Upepo wa baridi ukamzidi Mkurugenzi, akageukia mlango. Stanka akamzuia, akasoma kanuni ya tisa: hakuna kukaribia kiota chini ya mita mia hadi Agosti. Sahihi: Karabashev.

"Koti langu je? Katibu, sema kitu!"

Nilimjibu kwa heshima zote kuwa kibali maalumu kipo. Hutolewa na Mkurugenzi, ofisini kwake.