Trugo Si Kroketi ya Wazee

Klabu ya Trugo ya Kettle Flat,
Magharibi mwa Melbourne.
Februari 10

Ndugu Mhariri,

Natumai hujambo, na mwandishi wako wa michezo pia hajambo, maana nataka awe na afya njema anaposomewa barua hii. Mimi ni Noreen Tully, katibu wa klabu, mwenye umri wa miaka sabini na tisa na magoti mawili ya bandia. Jumatano iliyopita gazeti lako lilitangaza kwamba hapa kwetu huchezwa “kroketi ya wazee”. Malalamiko yangu ni haya:

1. Si kroketi. Kroketi ni watu waliovaa nguo nyeupe wakisukuma mipira kwenye vijilango vya waya huku wakiombana radhi. Trugo ni mchezo wa mafundi wa reli. Walikuwa wakipiga pete nzito za mpira kwa nyundo ya mbao, umbali wa behewa zima, saa ya chakula cha mchana. Pete ikipita sawasawa katikati ya vigingi viwili, walipaza sauti: “Hiyo imepita kweli!” Kwa Kiingereza chao cha karakana ni “true go”, na mkate ukiwa mdomoni, ikasikika “trugo”. Hatukulichagua jina hili, lilitutoka tu.

2. Mahali pamoja ambapo mwandishi wako ameandika trugo, ameifungia ndani ya alama za mtajo, kana kwamba ni ugonjwa tunaodai tunao.

3. Ameandika kwamba tunacheza “kinyumenyume”. Tunavipa vigingi mgongo, tunainama, tunapitisha nyundo katikati ya miguu. Ni jambo tofauti kabisa. Dudley Krantz, mwenye miaka themanini na minne, aliposoma alisema: “Kinyumenyume? Mwambie huyo bwana mdogo mimi najua niendako. Makalio yangu yametangulia tu kunishikia nafasi.” Sehemu nyingine ya maneno yake nimeiacha.

4. Jumamosi walikuja watu watatu, nyeupe tupu, na viti vyao vya kukunja, gazeti lako mkononi. “Samahani, vijilango viko wapi?” Dudley akawajibu: “Vimekwenda kunywa chai.” Mmoja aliondoka papo hapo. Wawili, Bibi Lan Pham na mumewe Tuan, walibaki kwa kuwa chai ilikwisha kumiminwa, wakala lamington nne, keki ambazo mwenzetu Beryl aliziviringisha kwenye nazi kwa ajili ya wanachama.

5. Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Baraza la mji limeamua kwamba klabu isiyofikisha watu wanane ifikapo mwisho wa mwezi, uwanja wake utakuwa wa mbwa kukimbilia. Sisi tuko watano. Tulikuwa sita hadi Agosti, alipofariki mume wangu Clarrie. Nasema bila kuzunguka: uwanja huu ndio mahali pekee ninaposikia bado watu wakipaza sauti aliyokuwa akiipaza yeye, na nikiukosa sijui Jumamosi zangu nitazipeleka wapi. Karani wa baraza, ambaye naye amesoma gazeti lako, amenipigia simu: “Noreen mpenzi, kama ni kroketi, si muungane tu na wale wa ng’ambo ya mto?” Kuungana! Afadhali mbwa.

6. Kwa hiyo naomba radhi ichapishwe ukurasa wa kwanza. Naomba pia neno trugo litokee katika kila toleo, hata kwenye utabiri wa hali ya hewa. Na kroketi, kuanzia sasa, iitwe “trugo ya waoga”. Mwandishi wako aje mwenyewe ainame, tumpige picha.

Nisalimie wote hapo ofisini, mchora katuni, mama wa chemshabongo, na hata yule wa mapokezi aliyenikatia simu mara mbili.

Wako, niliyeipa kroketi mgongo,
Noreen Tully
Katibu

N.B. Nilichelewa kuipeleka posta, na leo Bibi Lan amerudi, bado amevaa nyeupe. Nikampa nyundo ya Clarrie kwa sababu nyingine zote zilikuwa zinatumika. Si kweli, zilikuwepo tatu. Pete tatu za kwanza zilikwenda kwenye maua. Ya nne ikapita katikati kabisa. Akaruka, akamgeukia mumewe: “Umeona, Tuan? Hiyo imepita kweli!” Hakuna aliyemfundisha. Dudley alivua kofia. Mimi niliingia jikoni kutafuta maziwa yaliyokuwa mkononi mwangu. Wamejiandikisha wote wawili, kwa hiyo sasa tuko saba na bado anahitajika mmoja. Tafadhali, Ndugu Mhariri, Jumatano ijayo andikeni tena kroketi, na safari hii kwa herufi kubwa.