Stoo Yangu na Mashine ya Kunyonya Vumbi

Jumatatu, 4 Novemba

Mke wangu Isnino ametangaza vita. Asubuhi, hata chai sijamaliza. Amesema mashine itoke kwa stoo kufikia Ijumaa jioni, iende kwa watu wa vyuma kuukuu, na pale aweke friza. Maziwa ya ngamia kutoka Kulamawe yanamfikia yakiwa yameshaanza kukasirika, na kikundi chake cha akina mama kimechoka kuyamwaga.

Mashine yenyewe ni hivi. Binti yetu Faiza alipotujengea nyumba, alituma ramani kutoka Kanada. Ndani ya kuta, mabomba. Kila chumba, tundu lenye kifuniko. Kwa stoo, dude kama pipa limening'inia ukutani. Unachomeka mpira mrefu kwa tundu, vumbi linanyonywa, linapita ndani ya ukuta, linaishia kwa pipa. Kanada hawana vumbi, wana theluji, lakini mashine wanayo. Sisi Isiolo vumbi tunalo la kugawia majirani, na tuna ufagio. Ilifanya kazi siku moja. Ikameza tasbihi yangu na kona ya pazia. Tangu hapo imelala, miaka sasa, kama mstaafu wa serikali.

Siililii mashine. Nalilia stoo. Sheria za nyumba hii: miraa haitafunwi sebuleni, haitafunwi chumbani, haitafunwi barazani wageni wakiona. Stoo haina sheria kwa sababu Isnino haingii, anaogopa panya. Pale nina mto, birika, redio, na Ekitela, aliyekuwa turniboi wangu, utingo, nilipoendesha lori la Moyale. Mabaki tunasukuma ndani ya tundu la ukutani. Usafi wa hali ya juu.

Stoo ikienda, mzee mzima nitatafunia wapi? Kando ya lami, kama mbuzi?

Nimemwambia Isnino mashine ina faida kubwa. Akauliza ipi. Nikasema nitamjulisha. Akasema Ijumaa si mbali.

Jumanne, 5 Novemba

Mpango: kuisafisha sebule yote kwa mashine, Isnino akiangalia, mpaka aone aibu.

Tatizo: mpira mrefu haupo. Nimetafuta chini ya vitanda, juu ya kabati, nyuma ya tangi. Nimeupata kwa shamba la mchicha. Isnino aliukata mwaka juzi, anamwagilia nao maji. Nimemwendea kwa hasira ya haki. Nikamwambia ameharibu mali ya Kanada. Akauliza kama mchicha niliokula jana ulikuwa na ladha ya Kanada.

Mchicha ulikuwa mzuri.

Ekitela ameshauri tukubali tu, tuhamie kwake. Kwake kuna mke wake Teresia, ambaye aliacha miraa akaokoka na sasa anaombea kila anayetafuna, kwa sauti, akimtaja jina. Nimekataa.

Jumatano, 6 Novemba

Maajabu! Mashine inaongea!

Tulikuwa kwa stoo, kimya, shavu limejaa, mara sauti za wanawake zikatoka kwa tundu. Kikundi cha maziwa kilikuwa sebuleni. Bomba linaleta kila neno. Nikamwambia Ekitela hii ndiyo faida yenyewe: ulinzi. Serikali zinalipia kitu kama hiki, sisi tunacho ukutani. Tukasogeza masikio.

Wakaongea friza. Wakaongea bei. Kisha mmoja akamuuliza Isnino kama mzee wake hatakasirika mashine ikiondolewa.

Isnino akasema, "Mzee wangu na ile mashine ni ndugu. Wakubwa, wazito, wameegemea ukuta, na hakuna anayekumbuka walifanya kazi lini."

Ekitela akacheka. Alicheka kama lori linalokataa kuwaka asubuhi. Nikamziba mdomo, nimechelewa. Halafu sauti ya mke wangu ikatoka ukutani, taratibu, karibu kabisa na sikio langu.

"Gedi. Mkimaliza kutafuna, mje mbebe vikombe."

Hatukujua bomba linakwenda na kurudi. Ramani haikusema.

Tumebeba vikombe.

Alhamisi, 7 Novemba

Leo akili imefunguka.

Kesho baada ya swala ya Alasiri Abdinajib anakuja na wazee wake kumposea mwanawe mjukuu wetu Hamdia. Abdinajib huyu tulishindana barabarani miaka yote. Lori lake lilikuwa jipya, langu lilikuwa linafika. Wageni kama hao lazima nyumba ifukizwe uunsi, udi wetu. Isnino huweka makaa kwa chetezo, anamwaga uunsi juu, anazunguka chumba kwa chumba, mgongo unamuuma, anamlaumu nani? Mimi.

Basi. Mashine inanyonya kwa mdomo na kupumua kwa mgongo. Ukitia chetezo chini ya mdomo, na mgongo ukaufunga kwa mabomba ya nyumba, moshi utapita ukutani na kutokea kila chumba kwa pamoja. Chetezo kimoja, nyumba nzima inanukia. Wanawake wa Isiolo watapanga foleni kuona. Friza itatafuta pa kukaa.

Ekitela ameunga kwa tyubu ya tairi na waya. Kazi ya fundi. Ameshauri tujaribu leo, wageni wasiwepo. Nimemwambia mawazo kama hayo ndiyo yalimfanya abaki turniboi. Ukijaribu, mshangao unaisha.

Faiza alipiga simu. Nikamgusia kidogo. Akasema, "Aabo, baba yangu, tafadhali usiiguse." Nikamwambia mtandao unakatika. Ulikuwa mzuri sana.

Ijumaa, 8 Novemba

Wageni walifika kwa wakati, bahati mbaya.

Isnino alikuwa ametandika zulia lake la wageni, lile ambalo mimi mwenyewe nalizunguka kama kaburi. Abdinajib alipewa nafasi ya heshima, kwenye mto mkubwa, chini kabisa ya tundu. Kanzu nyeupe. Ndevu zimepakwa hina. Hamdia nyuma ya mlango na binamu zake. Mzee mmoja akafungua kwa dua. Alipomaliza nikakohoa mara mbili. Ndiyo ishara. Ekitela akawasha.

Taa zikafifia. Ukuta ukanguruma. Kifuniko kikaruka.

Kwanza ilitoka simenti ya mafundi. Kisha kiota cha panya, wenyewe walikuwa wamehama. Kisha mjusi mkavu. Halafu miraa yetu, kangeta tupu. Yote! Vijiti, majani, maganda ya mgomba ya kufungia, miaka na miaka ya mazungumzo mazuri, ikitapikwa kwa nguvu juu ya Abdinajib. Mwisho kabisa ukaja uunsi. Harufu nzuri sana. Hakuna aliyeisifu.

Abdinajib akatoa kijiti kwa ndevu, akakigeuza kwa mwanga wa dirisha, akakinusa.

"Kangeta," alisema. "Ya zamani, lakini ni kangeta."

Wazee wakamgeukia yeye. Hadharani alikuwa ameapa hajawahi kuigusa miraa. Ndio wakati pekee leo niliofurahi.

Wakaondoka kwa adabu. Walisema posa itasikilizwa keshokutwa, nyumbani kwa kaka yake Isnino, nyumba isiyo na mabomba. Hamdia amejifungia chumbani. Nimesimama mlangoni, nikamwambia hakuna posa ya Isiolo itakayokumbukwa kama yake. Akalia zaidi.

Isnino alikunja zulia peke yake, akakataa nimshikie upande mmoja. Nimezoea matusi yake, najua pa kuyaweka. Kimya chake sijui nikiweke wapi.

Jumapili, 10 Novemba

Posa imekubaliwa, alhamdulillahi. Niliambiwa niketi na nisiongee. Niliketi. Hamdia alinitazama mara moja, akacheka kidogo, akaficha mdomo. Nimehesabu hiyo kama msamaha.

Friza imeingia. Nyeupe, ndefu, imekaa palepale pa mto wangu. Mashine iko nje ya geti. Isnino ameanza kuniongelesha tena: amesema niipeleke popote, mradi ukuta usiwe wake.

Popote! Mwanamke hajui ameniruhusu nini.

Nimekaa juu ya mashine leo jioni yote na Ekitela, na jambo limekuwa wazi kama mchana. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la nyumba. Mashine hii ni ya kunyonya, sisi tukailazimisha kupuliza. Na ni nini Isiolo kinachohitaji kunyonywa? Kupe! Soko la mifugo limejaa ngamia wenye kupe, na watu wanang'oa kwa vidole kama mababu zao. Mwenye posho mill, kinu cha unga, kando ya soko ana jenereta. Tutafungua ofisi pale. Ofisi lazima iwe na kiti. Kiti lazima kiwe na mtu. Na mtu wa ofisi akitafuna kidogo akisubiri wateja, nani atamuuliza?

Ekitela ameuliza kama tujaribu kwanza kwa mbuzi. Turniboi ni turniboi.

Tunaanza kesho na yule ngamia dume mkubwa wa Abdinajib, anayetoa povu mdomoni msimu huu wa kutafuta majike. Abdinajib sasa ni mkwe, hawezi kukataa, na sioni haja ya kumsumbua kwa kumuuliza. Ngamia ni mnyama mpole. Tutaanzia chini ya mkia.