Vita vya Rangi ya Jile kwenye Kona ya Nzilo

Kusanyikeni, enyi mlao bukari na kumeza vumbi! Tueni mabeleshi, zimeni pikipiki, tegeni masikio. Nyamazeni hata ninyi mnaobishania bei ya kobalti, kwa maana habari hii ni kubwa kuliko shimo lolote lililochimbwa Kolwezi: ni habari ya Omer, mkuu wa usalama, Simba wa Kofia Nyeupe, Bwana wa Ripoti, na jinsi alivyochagua rangi ya jile, kile kizibao king'aacho cha watu wa barabarani.

Chimbuko la vita lilikuwa kona moja ya barabara ya Nzilo, ambako kampuni ndogo ya Omer na wenzake ilikuwa ikiziba mashimo. Hapo alisimama Mechack, mshika bendera, baba wa mapacha, akiyazuia malori ya madini kwa kitambaa na imani. Jile yake ilikuwa imechujuka hata ikafanana na gunia, na Jumatatu lori likampitia karibu mno, likaondoka na bendera. Mechack akabaki na kijiti. Ndipo direkta wa kampuni akaamuru: jile mpya zinunuliwe, na rangi aichague Omer kabla ya jua kutua.

Omer akaita baraza. Wakaingia ofisini, wakafunga dirisha vumbi lisije likachafua mawazo yao. Mezani zililala jile mbili za mfano: moja ya rangi ya machungwa, iliyowaka kama tanuru la shaba, ya pili ya manjano ya limau bichi. Chini ya taa, ile ya machungwa iling'aa hata majemadari wa baraza wakafinya macho.

Akainuka Kyungu, mhasibu, Ngome ya Sanduku, akanena:

"Tata Omer, orange njo rangi ya bakubwa! Ukienda nayo ku matanga, banakupatia kiti ya mbele. Hii ya manjano? Batasema unauzisha krediti ya telefone!"

Mama Mado, mlinzi wa depo, akamkata: "Kyungu, jile ni ya matanga ao ya kazi?"

"Ya yote mbili, mama!"

"Kweli. Juu Mechack akigongwa pale ku kona, matanga haiko mbali."

Baraza likacheka, kisha wote wakamgeukia Omer. Omer alikuwa ameshika kalamu. Moyo wake ulikuwa kwa ile ya machungwa. Alikwisha kujiona kanisani, benchi ya mbele, shemeji zake wakimtazama. Lakini kile kijiti cha Mechack kilimchoma kama mwiba. Akatazama dirishani: nje kila kitu kilikuwa chekundu kwa vumbi. Basi akatenda jambo ambalo hakuna mkuu yeyote wa ofisi ile aliyewahi kulitenda: akafungua mlango, akatoka nje.

Wakamfuata hadi kona na jile zote mbili. Mechack akavaa jile ya machungwa. Omer akasimama mbali, pale dereva anapoanza kuiona kona. Lori likapita, na nchi ikainuka, nyekundu, ikamfunika shujaa na jile yake pamoja.

"Mechack! Uko wapi?"

"Mi niko hapa, tata! Mbele yenu!"

"Vaa ile ingine!"

Na tazama, ndani ya wingu lile likachomoza limau, changa, kali, lisilofichika.

"Ile inaonekana," Kyungu akanong'ona. "Lakini ku matanga..."

"Kyungu!"

Mara lori jingine likatokea. Mechack akainua kijiti. Breki zikalia, gari likasimama mbali naye, na dereva akatoa kichwa.

"Ee tata, leo minakuona! Ulikuwaka wapi siku zote?"

"Hapa hapa," Mechack akajibu.

Omer akapanda juu ya rundo la kokoto, akajifuta vumbi usoni, akatangaza: "Bandugu, tumeshinda! Manjano!" Wakampigia makofi, wakampiga picha.

Basi na iandikwe katika historia ya Lualaba, kando ya mabwawa na migodi: katika msimu wa vumbi, mtu wa ofisi alitoka nje, akatazama kwa macho yake mwenyewe. Na Mechack alipouliza habari za bendera mpya, Omer akamshika bega kwa upendo, akamwahidi kuita baraza jingine.