Pumzi Yangu Nayo Ina Haki ya Kupumzika

Mheshimiwa Mganga Mkuu,

Salamu, na pole kwa kazi ya kuhudumia wagonjwa. Mimi si mgonjwa. Ni kinyozi wa hapa nyuma ya hospitali yako, na naandika kwa unyenyekevu kumshitaki daktari wako wa koo.

1. Nilimwendea pamoja na mke wangu kwa sababu ya kichwa kinachoniuma kila ninapoamka. Akaniacha mimi mwenye kichwa, akamhoji mke wangu. Naye bila haya akasema: "Daktari, huyu akilala anakoroma mpaka madirisha yanaitikia. Halafu kimya, pumzi hamna! Halafu anashtuka kama mtu aliyeopolewa majini." Miaka yote najua anayekoroma ndiye aliyelala fofofo. Leo imekuwa kesi.

2. Daktari akasema koo langu huziba usingizini, pumzi ikakatika mara nyingi. Nikamweleza kwa adabu kwamba Kiswahili kilishalimaliza jambo hili: kupumzika kumetokana na pumzi. Nikipumzika mimi, nayo ipumzike; kosa liko wapi? Akanijibu kwamba anayepumzika namna hiyo hutangaziwa mazishi. Hayo ni maneno ya kumwambia mtu mzima mwenye familia?

3. Akanipima shingo kwa utepe, akaguna. Shingo nazijua mimi, Mheshimiwa, ndizo zinazonilisha. Kisha akaniagiza nipunguze kitambi, niache bia ya jioni, nilale ubavu. Mke wangu akashona mpira mdogo mgongoni mwa fulana yangu ili nisilale chali. Sasa nikigeuka naruka kama niliyekalia msumari, na mama watoto anacheka.

4. Ati nasinzia mchana, kwa hiyo wembe mkononi mwangu ni hatari. Uzushi! Kweli, nilisinzia nikimnyoa karani mmoja, nyusi yake ikaenda. Lakini nilinyoa na ya pili ili zilingane, na alipoondoka hakulalamika, maana kioo nilikuwa nimekigeuza.

5. Kisha mashine. Anataka nilale na barakoa, bomba likinipulizia hewa hadi asubuhi ili koo libaki wazi. Hewa ya bomba, na ya bure imejaa chumbani!

6. Sasa tazama mwenyewe. Mimi nalala. Asiyelala ni mke wangu: anakaa macho, kiganja kifuani pangu, na pumzi ikichelewa ananitikisa. Macho yake yamekuwa mekundu, na juzi alilia akiosha vyombo. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa usingizi ni yeye. Naomba jina langu lifutwe kwenye faili, liandikwe lake, na barakoa aivae yeye. Nimeshamwamuru kesho aende kwa dada yake, akalale wiki nzima.

Nisalimie wauguzi wote, mlinzi wa getini, na huyo daktari pia. Nywele zake zimekuwa kichaka, mwambie aje.

Wako katika afya tele,
Kinyozi wa nyuma ya hospitali

Tanbihi: Barua hii imechelewa kuletwa. Mke wangu ameshaondoka, nami nimekesha nimekaa kwenye kiti cha wateja, taa inawaka, kwa kuogopa kulala bila mtu wa kunitikisa. Mheshimiwa, naogopa kweli. Ile mashine naweza kuichukua leo? Mke wangu msimwite. Mwacheni alale.