Profesa Wenu wa Jumamosi na Muhuri Wangu

Ofisi ya Mwenyekiti, LC I,
Zoni ya Kisima, Kisugu,
Kampala.
20 Septemba 1999

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi,
Redio Upeo, Kampala.

Ndugu Mkurugenzi,

Kuhusu: PROFESA WANYAMA KUELEWEKA NA WANANCHI

Pokea salamu zangu za heshima. Naitwa Ongom. Nilitumikia polisi miaka ishirini na miwili, nikastaafu nikiwa sajini, na tangu mwaka 1990 wakazi wa zoni hii wamenichagua kuwa mwenyekiti wao wa LC I, yaani baraza la mtaa. Sijawahi kuandikia redio. Naandika leo kwa sababu nimevumilia wiki saba, na ya saba imenishinda.

Kila Jumamosi saa nane mchana redio yenu hurusha kipindi ambacho mtangazaji wenu, dada Estelle, humuuliza Profesa Wanyama wa chuo kikuu kuhusu mambo ya sheria yanayozungumzwa nchini. Sina ugomvi na elimu yake. Maprofesa wa sheria walikuwa wakizungumza tangu zamani, ila walizungumza wao kwa wao, kwa Kiingereza, katika ukumbi wenye mapazia, na nchi ikatulia. Huyu wenu anazungumza Kiswahili. Anatoa mifano ya kuku. Mama anayemenya matoke anamwelewa bila kuweka kisu chini. Tena kipindi kinakwisha saa tisa, saa ileile ambayo baraza langu huanza kusikiliza kesi kwenye kibaraza cha nyumba yangu. Watu wanatoka kwenye redio na kuja kwangu moja kwa moja, sheria ikiwa bado ya moto.

Naomba niorodheshe madhara.

1. Mwezi wa saba mbuzi wangu wawili walikula sombe yote ya mama Emérence, Mkongomani mshonaji ambaye nyumba yake inapakana na yangu. Kwa asiyejua, sombe ni majani ya muhogo ambayo Wakongomani huyatwanga na kuyapika, na kwao si jambo la mzaha. Alileta mashtaka. Niliisikiliza kesi mwenyewe, nikaamua kwamba sombe ilipandwa karibu mno na mbuzi. Hakuna aliyepinga. Tulipeana mikono.

Kisha kipindi chenu kikaanza. Jumamosi ya kwanza tu, profesa akasema hewani kwamba mtu hawezi kuwa hakimu katika kesi inayomhusu mwenyewe. Saa tisa na dakika tano mama Emérence alikuwa mbele ya meza yangu. Akapiga goti kidogo kwa adabu, akasema: "Mwenyekiti, miye naomba kesi ianze upya. Profesa amesema mutu hawezi kujihukumu. Leo wewe kaa kule, upande wa mbuzi."

Nikamwambia profesa hawajui mbuzi wangu.

"Ndiyo maana anafaa," akajibu.

Wazee wa baraza wakatazama viatu vyao. Nikaenda kukaa upande wa mbuzi. Kiti changu kikakaliwa na katibu wa wanawake wa baraza, ambaye ni Lanyero, mke wangu wa ndoa. Ukaribu huo mama Emérence hakuuona kuwa tatizo hata kidogo. Lanyero alitumia dakika nne. Niliamriwa nitafute vijiti vya muhogo, nipande mistari sita kwa mikono yangu mwenyewe, halafu nijenge uzio. Nilipanda. Majirani walitoa viti nje.

2. Kwa miaka tisa nimekuwa nikipita na filimbi kila mwisho wa mwezi, na mtaro wetu unasafishwa. Mwezi wa nane dada Estelle alimuuliza profesa swali gumu kuhusu mipaka ya mamlaka ya serikali, naye akajibu, "Hapo wataalamu wametofautiana." Nilishangaa. Mtu amesoma miaka yote hiyo, halafu anakiri mbele ya taifa kwamba jambo halijakaa sawa! Askari akisema hivyo anapokwa kofia.

Mwisho wa mwezi nikapuliza filimbi. Kwenye mlango wa kwanza nikaambiwa, kwa heshima kubwa, kwamba wataalamu wametofautiana kama mtaro ni wa anayeishi juu au wa anayeishi chini. Nilipofika mlango wa nne kulikuwa na kambi mbili, na kila kambi inadai isikilizwe kwanza. Mvua ikanyesha kabla ya hukumu. Maji yaliingia nyumba za kambi zote mbili bila kutofautiana.

3. Nilimwambia mke wangu kwamba chai haina sukari. Akaniuliza nina shahidi gani zaidi ya mimi mwenyewe.

4. Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nitafute kalamu.

Chini ya barabara yetu anaishi Okeny, sajini wa jeshi, na mkewe Adong na watoto wanne. Wana kibanja chenye nyumba ya vyumba vitatu, migomba, kiasi cha mboga na kuku wengi. Jumamosi iliyopita, saa tisa kasorobo, Okeny alifika kwangu amevaa shati la kupiga pasi, pamoja na mgeni aliyeacha gari lake njiani. Mgeni alikuwa mnunuzi. Walikuwa na mkataba wa kuuza kibanja, nakala mbili, na kilichobaki ni muhuri wangu. Hapa Kampala, Ndugu Mkurugenzi, karatasi ya ardhi isiyo na muhuri wa mwenyekiti haimtishi mtu yeyote. Mnunuzi alikuwa muungwana. Alikuja na kreti ya soda kwa ajili ya baraza. Nijuavyo mimi sheria hailikatazi jambo hilo, na naomba profesa asiulizwe.

Nilisoma mkataba. Nikagandamiza muhuri kwenye wino. Nikauinua.

Hapo Adong akatokea kwenye kona ya nyumba. Alikuwa anatembea haraka bila kukimbia, mikono imejaa unga, na kwapani ameibana redio ndogo iliyokuwa bado inaongea. Ilikuwa sauti ya profesa, anaeleza sheria mpya ya ardhi. Anasema nyumba ambayo familia inaishi, na ardhi inayoilisha, mume haiuzi mpaka mke akubali kwa maandishi. Anasema bila hivyo, hata ipigwe mihuri kumi, ile ni karatasi tu.

Sijui kama umewahi kushika muhuri wenye wino hewani, na watu wapatao thelathini wanakutazama mkono.

"Zima hiyo redio," Okeny akasema.

Adong hakuizima. Aliiweka mezani, juu ya mkataba. Akaongea bila kupaza sauti: "Afande, miaka kumi na moja mimi nalima hapa. Watoto wote wanne nimezalia hapa. Asubuhi umeniambia unaenda kung'oa jino."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akanyamaza haraka. Okeny alinigeukia mimi. "Mwenyekiti, piga. Mimi ndiye mwenye nyumba."

Nikautazama mkataba pembeni mwa redio. Kulikuwa na mstari wa sahihi ya muuzaji, mstari wa mnunuzi, mistari ya mashahidi watatu. Kwa Adong hapakuwa na mstari. Ndipo nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema, "Sajini, mama ameandika wapi?"

Sikupanga kusema hivyo, naapa. Yale hayakuwa maneno yangu. Yalikuwa yamepandwa kichwani mwangu na redio yako, na ndiyo maana nakuandikia wewe.

Mnunuzi akatazama saa yake, akasema atarudi siku nyingine. Soda aliondoka nazo, na hilo pia naliweka kwenye malalamiko. Mimi nikakaa kwa kishindo, nikajishika paja bila kukumbuka nilichoshika. Suruali yangu ya kaki sasa imeandikwa MWENYEKITI LC I kwa rangi ya zambarau, na Lanyero amefua mara mbili.

5. Jana baada ya ibada Okeny akaja nyumbani. Nilisimama mlangoni kama nilivyofundishwa kusimama mbele ya mtu mwenye hasira. Lakini akaomba kiti. Akakaa akikunjakunja kofia yake.

"Ningenunua pikapu," akasema. "Mwaka ujao nastaafu. Nitakaa tu, nihesabu kuku? Pikapu ingenipa kazi. Adong angekuja kuelewa baadaye."

"Ulimuuliza?"

"Ningemuuliza, angekataa."

"Basi ndiyo hiyo sheria yenyewe," Lanyero akasema kutoka jikoni. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Nilitegemea Okeny akasirike. Badala yake aliguna, kisha akaanza kucheka peke yake, polepole, kama mtu anayekohoa. Akanieleza kwamba asubuhi Adong alimwandalia uji kama kawaida, ila kando ya kikombe aliweka karatasi na kalamu. Akamwambia kama ana wazo lingine lolote kuhusu nyumba aliandike hapo, naye atalisoma vizuri na kumjibu. Okeny akaandika: pikapu. Adong akaandika chini yake: kwanza ujifunze kuendesha. Tangu hapo wanaandikiana. Alinionyesha karatasi yenyewe, imejaa pande zote mbili, akaikunja na kuirudisha mfukoni kwa uangalifu.

Ndugu Mkurugenzi, sasa wanashauriana. Mume na mke wakianza kushauriana, mwenyekiti anabaki na kazi gani?

6. Tazama jambo hili linakokwenda. Leo mama mmoja amejua sheria ya kibanja chake. Kesho mabinti wa Katwe wanaouza sufuria watajua sheria ya vibanda vyao. Keshokutwa mtu atasimamishwa barabarani na askari, aulize kwa upole amekosa nini, na askari atalazimika kujua. Ugonjwa huo utapanda ngazi, ofisi moja baada ya nyingine, mpaka ifike siku ambapo hakuna mkubwa katika nchi hii atakayeweza kuinua muhuri bila mtu kumuuliza nani mwingine ameandika. Zamani ilitosha kwamba mimi ni mwenyekiti. Siku hizi natakiwa niwe sahihi pia, na katika umri wangu hiyo ni kazi ya pili.

Kwa sababu hizo naomba kwa unyenyekevu, kwanza, Profesa Wanyama arudi kwenye Kiingereza, na Kilatini kama anacho. Pili, kipindi kihamishiwe saa ya mpira. Tatu, ikiwa lazima aendelee kwa Kiswahili na saa nane, basi afundishe sheria za bahari. Nasikia ni nyingi na ni nzuri, na Uganda haina bahari. Wananchi watapata elimu, nami nitapata utulivu.

Natumaini utayapima malalamiko haya kwa haki, baada ya kumsikiliza na profesa upande wake. Sentensi hiyo naisoma sasa na naona kwamba hata mimi nimeshaambukizwa, lakini karatasi ni moja, siwezi kuifuta.

Nisalimie dada Estelle, mwambie sauti yake inasikika vizuri mpaka kwenye uzio wa mbuzi. Wasalimie mafundi mitambo, mlinzi wa getini, na mama anayewapikia chai. Msalimie profesa pia, ingawa ndiye mshtakiwa, na mkewe, ambaye bila shaka ana malalamiko yake. Lanyero anawasalimu nyote. Mama Emérence ananiambia niandike kwamba sombe imeanza kuota.

Ni mimi, nikilinda zoni yangu kwa muhuri uliokauka,

Ongom
Sajini (mstaafu), Mwenyekiti

Nyongeza, Jumanne: Barua hii niliimaliza jana. Leo asubuhi nilifungua daftari la mihuri ili niipe namba ya kumbukumbu, likafunguka kwenye mwaka 1993. Pale upo mwandiko wangu: nyumba ya Okidi, imeuzwa, muhuri umepigwa. Okidi alikuwa konstebo wangu zamani. Mkewe aliitwa Lakot. Siku ile alisimama kwenye kibaraza changu na sufuria mkononi, akaniuliza, "Mwenyekiti, na sisi?" Nilimjibu kwamba karatasi ziko sawa. Zilikuwa sawa kweli. Wakati ule sheria haikusema kitu, nami sikusema kitu.

Nimeulizia watu. Lakot anaishi Bukoto, anauza mkaa, na Okidi alishakwenda zake. Leo mchana nilimfuata. Hakunikaribisha ndani, na nisingemlaumu. Nikasimama palepale nje nikamsimulia habari za Adong mwanzo hadi mwisho. Alisikiliza yote huku akipanga mkaa, kisha akaniuliza neno moja tu: huyo profesa anaongea siku gani.

Kwa hiyo kipindi kisihamishwe. Naomba dada Estelle amsomee profesa swali hili Jumamosi: mwenyekiti aliyepiga muhuri kabla sheria haijaja, na aliona kwa macho yake mtu anayeumia, afanye nini sasa? Mnaweza kuficha jina langu, au kulitaja. Lakot amekubali kuja kusikilizia kwangu, na Lanyero atapika. Profesa ajibu kwa Kiswahili, polepole. Na jibu likiwa baya kwangu, msilikatize kwa tangazo.