Bendi Yetu Ina Watu Watatu

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Nimepata! Jumamosi kuna tamasha la jazz Mbarara, kwenye bustani ya mji, mchana, bure kwa watu wote. Na wanataka bendi moja itoke huku kwetu kambini, kwa wakimbizi wa Nakivale. Bendi hiyo ni yangu. Bado haina watu, lakini hilo ni jambo dogo.

Vénant, jirani yangu Mrundi mwenye saksofoni, anadai mimi sijui jazz ni nini. Eti watu hukaa chini wakatikisa vichwa tu. Nikamwambia kwetu Uvira, Kongo, kila okestra iliitwa Jazz, na sikuwahi kuona mtu aliyekaa. Akacheka. Akasema tuungane, yeye aongoze. Amwongoze nani? Saksofoni yake inang'aa mno kwa mtu anayelima maharage.

Nia yangu si sifa. Naandika hapa kwa kuwa hapasomi mtu. Vanessa, binti yangu, hajakanyaga nyumba hii tangu siku za kilio na mazishi ya mama yake. Mwaka mmoja na miezi miwili. Anashona nguo Nyamityobora, huko Mbarara mjini. Alisema hatarudi mpaka niende Base Camp, kwenye ofisi ya kambi, nikafute jina la mama yake, Marthe, kwenye karatasi ya familia, ndipo tuondoe matanga kama watu wengine. Anauliza utaondoaje matanga ya mtu ambaye ofisi bado inamhesabu hai. Nilisema nitaenda. Nimesema mara nyingi sana.

Lakini akiniona jukwaani na tarumbeta, nikipiga wimbo ambao mama yake aliuimba akipalilia mihogo, atalia, atanikumbatia, na hakuna atakayehitaji kwenda ofisi yoyote. Akili ni mali!

Jumanne, 5 Agosti

Base Camp, kujiandikisha. Mama Goretti wa kamati ya tamasha akanipa sharti: bendi ni watu watatu au zaidi, na kila jina lionekane kwenye karatasi halali. Watatu! Nilitoka nikakaa karibu na wauza samaki. Jua kali. Nikatoa karatasi ya familia nijipepee, na humo nikaona bendi yangu. Modeste. Marthe. Vanessa. Muhuri juu!

Nikarudi ndani mbio. Tarumbeta: Modeste, yaani mimi. Gitaa: Vanessa. Kuimba: Marthe. Vanessa hajawahi kushika gitaa, ila vidole anavyo. Mama Goretti akauliza wenzangu wako wapi. Nikasema mmoja yuko mjini, mwingine anapumzika. Nimejichunguza njia nzima kurudi, sioni uongo hapo.

Kwa nini sijalifuta lile jina? Watu wanadhani ni kwa ajili ya mgao wake wa chakula. Vénant alinisema hivyo bombani, mbele ya akina mama wenye madumu. Nikamwacha aamini. Afadhali niitwe mlafi.

Ijumaa, 8 Agosti

Balaa. Tarumbeta ni ya kanisa, ya zamani, na pistoni ya pili ilikuwa imekwama. Niliitia mafuta ya mawese. Ikateleza vizuri! Asubuhi kulikuwa na baridi, mafuta yakaganda, sasa pistoni zimekwama zote tatu. Vénant akaleta mafuta ya cherehani. Nikakataa. Kesho angetangaza kwamba ushindi ni wa mafuta yake.

Nimempigia Vanessa simu. Akasema, "Nitakuya kusikiliza tu, papa. Kuongea hapana." Anakuja! Nimepiga pasi koti la harusi. Bado lina harufu ya sanduku la Marthe.

Jumamosi, 9 Agosti

Sijui nianzie wapi.

Watu walijaa kwenye nyasi, na watoto, na chapati zao. Vénant alikuwepo na saksofoni mgongoni, eti amekuja kutembea tu. Vanessa alisimama kando ya uzio. Alikuwa amevaa kitenge cha mama yake.

Mtangazaji akasoma karatasi. Modeste! Nikapanda. Vanessa! Akashtuka, akatazama nyuma yake. Halafu Marthe. Akaita tena, "Marthe iko wapi? Marthe, kuja hapa mbele, watu nangoja!" Watu wakadhani mama wa watu anaona haya. Wakaanza kumpigia makofi. Mar-the! Mar-the! Bustani nzima!

Hilo sikuwa nimelifikiria. Mwaka mzima sijasikia mtu akiliita jina lile kwa sauti. Na mimi, Mungu anisamehe, niligeuka nikatazama ngazi.

Aliyepanda ni Vanessa. Akachukua kipaza sauti. "Marthe ni mama yangu. Alishakufa." Makofi yakakatika. Nikaona niokoe jahazi, nikaweka tarumbeta mdomoni, nikapuliza kwa nguvu zote. Ilitoka sauti ya mbuzi, moja, na tone la mawese.

Ndipo Vénant akapanda bila kuitwa, akaupiga wimbo wenyewe. Aliujua. Miaka sita alikuwa akiusikia kutoka shamba la pili. Aliupiga polepole, na watu wakakaa wakatikisa vichwa, kama alivyosema. Alipiga vizuri. Inaniuma kuandika hivyo. Vanessa alilia, akashika mkono wa koti langu. Alishika koti tu, lakini alishika.

Jumapili, 10 Agosti

Nimeamkia kwa Vanessa. Amenipa chai na mandazi. Hakunigombeza, na hilo ndilo baya zaidi. Akasema, "Papa, uende ku biro, useme neno moja tu: alikufa. Ukishasema, Jumamosi nakuya, tunatosha matanga." Nimeapa nitaenda ofisini, kisha tuondoe matanga. Safari hii kweli. Nimejifunza.

Jumatano, 13 Agosti

Base Camp tangu asubuhi, na tarumbeta kwapani, sijui kwa nini. Vénant amenisindikiza mpaka mlangoni, ili nisipotee! Njia nzima nimefanya mazoezi: alikufa, alikufa, alikufa. Lilikuwa linatoka vizuri.

Karani ni kijana mpole. Akauliza kama Vanessa bado anaishi hapa. Nikasema hapana, yuko Mbarara. Akamfuta papo hapo. Kalamu ikasogea. Na huyu Marthe?

Nikafungua mdomo. Nikasema amesafiri.

Akauliza atarudi lini. Nikasema bado hajapiga simu.

Nimemwambia Vénant kwamba mtandao ulikatika. Alinitazama, akaichukua tarumbeta anibebee mpaka nyumbani. Vanessa naye nitamwambia mtandao. Mpaka Jumamosi nitakuwa nimepata mpango mwingine.

Halafu kuna habari njema. Nimekutana na Mama Goretti sokoni. Anasema mwakani watalegeza sharti, bendi ya watu wawili itatosha. Nimeitazama karatasi mpya aliyonipa karani. Tuko wawili kamili, muhuri juu.